Kurithi Kofi

Kiyoyozi kilikufa Jumanne, nje, upande wa jirani.
Kilikoroma, kikatema maji, kikanyamaza.
Julai ya Saskatoon haina huruma kwa wazee:
nyuzi thelathini na nne, siagi mezani imekuwa mchuzi,
na Slavka ametia miguu ndani ya beseni,
anajipepea kwa bahasha ya bili ya umeme.

Akaja fundi, kijana, Kurtis jina lake.
Viatu akavivua mlangoni; hapo nikampenda kidogo.
Kisha akashuka chini na tochi.
Kilichokufa kiko nje, nikamwambia.
Feni ni moja, mzee, akasema. Pumzi ni moja.
Ubaridi wa Julai na joto la Januari
hupita koo lile lile.

Basi akalimulika tanuri langu.
Tulilinunua mwaka wa themanini na tisa, Myron akiwa na surua,
kwa hela ya kuendesha basi la shule.
Liko pale baina ya mitungi ya matango ya siki
na baiskeli isiyo na mwenyewe,
rangi yake maziwa yaliyolala,
na ubavuni, kwa penseli, tarehe ya kila chujio nililobadilisha,
mwandiko wangu ukizeeka kutoka juu kwenda chini.

Linafanya kazi, nikasema.
Linafanya kazi, akakubali,
kama daktari anavyokubali.

Kisha karatasi.
Kiyoyozi peke yake, elfu tano na mia sita.
Kiyoyozi na tanuri pamoja, elfu tisa na mia mbili,
ujira mmoja, siku moja, bati kukatwa mara moja tu.
Tofauti nikaipiga hesabu nyuma ya bahasha ya Slavka:
elfu tatu na mia sita.
Nimezima taa miaka hamsini nisije nikazitumia hizo.
Na waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakupewa karatasi hii:
hapa ufa wenyewe haujaonekana,
na ukuta unauzwa kwa punguzo, mwisho Ijumaa.

Dhamana yake, akasema, miaka ishirini.
Nina miaka sabini na saba.
Nikamtazama usoni nione kama anatania.
Hakuwa anatania. Alikuwa anafunga begi.

Usiku madirisha wazi, shuka chini.
Slavka akauliza gizani:
Januari, saa tisa usiku, likigoma, huwa unalifanyaje?
Nikampa siri. Makofi mawili,
ubavu wa kushoto, chini ya kidirisha.
La kwanza kwa kiganja kizima, la pili taratibu,
kisha ungoje, usitukane. Huwaka.
Nimelipiga hivyo majira tisa ya baridi.
Twende chini nikufunze.

Akanyamaza hata jokofu likakata, likaanza tena.
Orest, akasema, nyumba hii nitairithi mimi.
Matango nitayarithi, na madeni, na kofia zako.
Kofi sitaki kurithi.

Asubuhi nikapiga simu. Vyote viwili, nikasema.
Kurtis hakushangilia,
akauliza tu kama Alhamisi inafaa.

Jumatano usiku, joto limelala juu ya paa kama ng'ombe,
nikapandisha kidhibiti cha ukutani hadi mwisho,
nikashuka ngazi, nikasimama miguu peku kwenye saruji.
Kimya.
Kisha ti, ti, ti,
na mwali wa buluu ukakimbia safu nzima
kama watoto waliosikia kengele ya kutoka.
Bila kofi. Usiku huo, bila hata kofi moja,
lijinafiki likubwa.

Juu, hewa ya moto ikamfikia Slavka kitandani.
Umepagawa wewe?
Dakika moja tu, nikajibu,
kiganja nimekiweka ubavuni mwake, penye tarehe,
na jasho langu linafuta penseli.